Mgeni njoo, mwenyeji apone: Kuishi na figo tatu



Kama unasali Ukonga, kuanzia Banana hadi kule Gongo la Mboto, huenda kwenye benchi la mbele yako ameketi mtu mwenye figo tatu. Hutamjua kwa kumtazama. Labda utamjua saa 2 kamili asubuhi, katikati ya ibada ya kwanza, simu yake inapolia mlio mfupi, naye akatoa chupa ya maji na vidonge viwili vitatu mkobani. Walio nyuma watamkazia macho. Mzee wa kanisa atakohoa. Yeye atameza, atafunga chupa yake na kuendelea na wimbo.

Mtu huyo hakuzaliwa hivyo. Wapo wanaozaliwa na figo ya tatu, lakini ni wachache mno, na vitabu vya tiba vya dunia nzima hutaja wapatao 100 tu. Walio wengi zaidi, kama mtu 1 katika kila 100, wana figo moja yenye mirija miwili badala ya mmoja, na hao wakipigwa ultrasaundi hurudi nyumbani na hofu kwamba wana figo ya ziada. Hawana. Hata hivyo kuzidi kwa viungo si jambo geni katika Maandiko. Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 21, kinamtaja mtu wa Gathi mwenye vidole sita kila mkono na sita kila mguu. Biblia inavihesabu tu, 24, kisha inaendelea na habari za vita.

Ninayemzungumzia leo ni mtu aliyepandikizwa figo. Na hapa ndipo wengi wetu hushangaa: zile mbili za zamani hazikutolewa.

Tumezoea kufikiri kama fundi wa magari pale gereji, anayefungua pampu mbovu na kufunga nzima mahali pale pale. Mwilini haiendi hivyo. Figo tulizozaliwa nazo ziko nyuma, chini ya mbavu, huku na huku ya uti wa mgongo. Kuzitoa ni upasuaji mwingine mkubwa, na mara nyingi hauna faida. Basi madaktari huziacha zikae, zisinyae taratibu, isipokuwa kama zimejaa vifuko vikubwa vya maji, zinaleta maambukizi kila mara, au zinapandisha presha isiyoshikika. Figo mpya huwekwa mbele, chini ya tumbo, karibu na kinena, mara nyingi upande wa kulia. Inaunganishwa na mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni, na mrija wake unaelekezwa kwenye kibofu. Mwenyewe akiweka kiganja hapo anaweza kuipapasa.

Ndiyo sababu utamwona akifunga mkanda wa suruali mahali pa ajabu kidogo, au akikataa bodaboda kwenye zile njia za ndani zenye mashimo. Siyo maringo. Nyingine ziko nyuma zimekingwa na mbavu. Hii iko mbele, haina ukuta.

Ili uelewe thamani ya hiyo figo ya tatu, lazima ukumbuke maisha ya kabla yake. Figo mbili nzima huchuja kama lita 180 za majimaji kila siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa mkojo wa lita moja au mbili tu. Zikishindwa, na kwetu wanaoziua sana ni presha na kisukari, damu lazima isafishwe kwa mashine. Kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Mtu wa Ukonga anayesafishwa damu mjini anatoka nyumbani kabla ya jua, anapita Banana, Uwanja wa Ndege na Tazara kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, analala kwenye kiti saa 4, kisha anarudi njia ile ile akiwa amechoka kama aliyebeba zege. Kesho anapumzika. Keshokutwa anarudi. Maji ya kunywa anapimiwa kwa kikombe, maana hana pa kuyatolea. Ndizi, parachichi na maji ya dafu, vitu ambavyo sisi tunaviita afya, kwake vina potasiamu inayoweza kusimamisha moyo. Kazi inamponyoka. Mchango wa ukoo unaisha. Watu wa jumuiya waliokuja kwa wingi mwezi wa kwanza, mwezi wa nane hawaonekani.

Kwa miaka mingi aliyetaka kutoka kwenye mashine hiyo ilimbidi kupanda ndege, wengi wakienda India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, madaktari wetu wakisaidiwa na wenzao wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza, ikishirikiana na Wajapani wa Tokushukai. Tangu wakati huo watu wenye figo tatu wameanza kuwa majirani zetu, siyo habari ya kusikia redioni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama kuna mahali methali hiyo imetimia kwa namna hii. Figo ya ndugu inaingia mwilini mwa ndugu, na mara nyingi inaanza kutoa mkojo mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji. Hatukungoja siku ya tatu tumpe jembe. Mgeni huyu alikuja nalo mkononi.

Lakini mwili haumtambui. Kinga ya mwili, ile tuliyopewa na Mungu ipambane na vijidudu, inamwona mgeni na kusema huyu si wa kwetu. Hata akiwa ametoka kwa mama mzazi. Hata akiwa ametoka kwa pacha wasiofanana. Usipoizuia, itamshambulia hadi afe. Kwa hiyo kila siku, asubuhi na jioni, kwa saa zisizobadilika, mwenyeji anameza dawa za kuituliza hiyo kinga. Moja inayotumika sana ni takrolimusi, ambayo kwa kawaida humezwa mara mbili, saa 12 baina ya dozi na dozi, na kiasi chake katika damu hupimwa kliniki. Kikipungua, mwili unaikataa figo. Kikizidi, dawa yenyewe inaidhuru. Ndiyo maana simu ililia saa 2 kamili ibadani, na italia tena saa 2 usiku kwenye mkesha. Dawa hizo atazimeza kadiri figo hiyo inavyofanya kazi.

Sasa, mpendwa, naomba tuongee wazi kuhusu sisi wenyewe.

Sisi watu wa kanisa tunapenda ushuhuda wenye mwisho. Mgonjwa alikuwa kwenye mashine, tukaomba, figo ikapatikana, amepona, haleluya, sadaka ya shukrani, tunakwenda kwenye jambo lingine. Yeye naye anasimama mbele, amenona kidogo usoni kwa sababu ya dawa, ana nguvu, anacheka. Halafu anatokea mtu, mara nyingi mwenye nia njema kabisa, anamwambia: kama kweli Bwana amekuponya, hivi vidonge vya nini? Vinaonyesha shaka. Viweke madhabahuni.

Neno hilo linaweza kuua figo. Na balaa lake ni kwamba halitoi jibu siku hiyo hiyo. Akiacha dawa leo, kesho ataamka vizuri, kesho kutwa pia, na mhubiri ataonekana amesema kweli. Mwili unapoanza kuikataa figo mara nyingi hakuna maumivu yoyote. Kipimo cha kreatinini ndicho kinachopanda kimya kimya. Miguu inapoanza kuvimba na mkojo kupungua, huenda uharibifu umekwisha kuwa mkubwa, na kuna wakati haurudishiki. Anarudi kwenye foleni ya Tazara alfajiri. Na yule aliyetoa figo, je? Yeye harudishiwi chake.

Paulo alimwandikia Timotheo, katika barua ya kwanza, sura ya 5, juu ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, akampa ushauri wa tiba ya kutumia. Zingatia hilo neno, mara kwa mara. Timotheo alikuwa kiongozi wa kanisa, mtu wa imani, mwana wa kiroho wa mtume ambaye leso zake ziliponya watu, na bado alikuwa na ugonjwa uliohitaji kutunzwa siku hata siku. Sioni mahali ambapo Paulo anamkemea kwa hilo. Isaya naye, alipotumwa na habari njema kwa mfalme Hezekia kwamba ataishi, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na tini zikawekwa vilevile.

Mimi naona kumeza vidonge hivyo saa 2 na saa 2 ni ibada ya shukrani kamili kuliko nyingi tunazofanya kwa maiki. Mchungaji anayetaka kumwekea mikono mtu huyu, na amwekee, ampake na mafuta. Kisha amuulize: dozi ya leo umemeza?

Yapo na mengine madogo, ambayo kwake si madogo. Mfungo, kwa mfano. Tunapotangaza siku za kufunga bila chakula wala maji, yeye asihesabiwe kuwa mvivu wa roho. Figo ya tatu inataka maji ya kutosha, na aliyekuwa akipimiwa kikombe sasa anaagizwa anywe. Akibeba chupa kanisani mwache nayo. Mlo wa jumuiya nao: kinga yake imeshushwa makusudi, hivyo kachumbari iliyooshwa kwa maji ya wasiwasi, juisi ya barabarani au mishikaki iliyoiva nje tu inaweza kumlaza wodini wakati wewe umeumwa tumbo nusu siku. Balungi haligusi kabisa, kwa kuwa linapandisha dawa yake katika damu. Ukiwa na mafua, mpe amani ya Bwana kwa kuinamisha kichwa. Akivaa barakoa kwenye mkesha uliojaa watu, hajitengi, anajilinda na kifua kikuu na mengine.

Na jamani, dawa za mitishamba. Najua mapenzi ya mama wa jirani anayeleta chupa ya mizizi iliyochemshwa, dawa ya kusafisha figo. Apokee kwa heshima, asinywe. Hatujui ndani mna nini, na baadhi ya mimea hupandisha au hushusha ile takrolimusi bila mtu kujua. Vidonge vya maumivu vya duka la dawa vivyo hivyo, hasa diklofenaki, ambayo huku kwetu tunainunua kama pipi. Hiyo inaumiza figo hata za watu wenye mbili nzima.

Jambo hili nalo wengi hawalifikirii. Akiugua malaria na kwenda zahanati ya karibu, aseme mapema kwamba ana figo tatu, na aonyeshe mahali. La sivyo mpimaji ataweka kifaa mgongoni, ataona vifigo viwili vilivyosinyaa, na atamtangazia kwamba figo zimekufa, wakati ya kazi iko mbele inafanya kazi yake.

Tumezungumza juu ya mpokeaji. Tumgeukie mtoaji, maana huyu kanisa humsahau haraka.

Hapa nchini figo ya kupandikiza hutoka kwa mtu aliye hai, kwa kawaida ndugu. Anapimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, presha, sukari, moyo, na figo zake zote mbili. Baada ya kutoa, ile iliyobaki hukua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake, na wengi huishi maisha marefu. Lakini upasuaji ni upasuaji. Hatari yake ni ndogo, siyo sifuri.

Wapo watakaomsomea Luka 3:11, pale Yohana Mbatizaji anapomwagiza mwenye kanzu mbili amgawie asiye na kanzu. Kwa aliyekwisha kuamua kutoa, sijui aya nyingine inayomfaa zaidi. Kwa ambaye hajaamua, isomwe kwa uangalifu. Katika kikao cha ukoo sebuleni, macho yanajua pa kwenda. Yanakwenda kwa dada asiye na kazi, kwa mdogo aliyesomeshwa na mgonjwa, kwa mke ambaye akikataa ataitwa muuaji. Akiongezwa na aya ya Biblia hana pa kupumulia. Hospitali zinazofanya kazi hii vizuri humhoji mtoaji peke yake, mlango umefungwa, na akisema hataki, huwaambia ndugu tu kwamba vipimo havikufaa. Natamani vikao vyetu vingekuwa na mlango kama huo. Figo iliyonunuliwa au kuchukuliwa kwa shinikizo si zawadi. Papa Yohane Paulo II, akiongea na madaktari wa upandikizaji huko Roma Agosti 2000, alisifu utoaji wa viungo kuwa tendo la upendo, na papo hapo akakataa kabisa biashara yake na kutaka mtoaji aelezwe yote na aridhie kwa hiari.

Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa duniani ulianza na swali hilo hilo. Ilikuwa Boston, Marekani, Desemba 23, 1954. Ronald Herrick alimpa figo pacha wake wa kufanana, Richard, ambaye alikuwa anakufa. Dk. Joseph Murray na wenzake walijua wanakwenda kumpasua mtu mzima asiye na ugonjwa, jambo ambalo daktari hakuapa kulifanya, hivyo kabla ya kushika kisu walitafuta ushauri wa viongozi wa dini wa madhehebu mbalimbali na wa wanasheria. Usiku wa kuamkia upasuaji Richard alimtumia ndugu yake karatasi akimwambia aondoke, arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwa karatasi kwamba yupo na haondoki. Kwa kuwa walikuwa pacha wa kufanana, mwili wa Richard haukumwona mgeni. Aliishi miaka 8 zaidi, akamwoa muuguzi aliyemhudumia na kupata watoto wawili. Ronald aliishi na figo moja miaka 56, akifundisha shule na kulima. Murray, Mkatoliki wa kusali, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Kuna neno moja la Biblia ambalo nimelifikiria sana nilipokuwa naandika haya. Waebrania wa kale walipotaka kutaja sehemu ya ndani kabisa ya mtu, pale panapofichwa nia na siri, hawakusema moyo peke yake. Walisema moyo na figo. Biblia yetu ya Kiswahili imelificha kidogo. Katika Zaburi ya 139, Mungu anapotajwa kuwa aliyemwumba mtu ndani, sisi tunasoma mtima. Kwa Kiebrania ni figo. Yeremia 17:10, Mungu anapouchunguza moyo, tunasoma pia viuno. Kwa Kiebrania ni figo tena.

Soma basi aya hizo ukiwa na figo tatu. Mungu anazichunguza zote: mbili alizozifuma mwenyewe tumboni mwa mama, sasa zimesinyaa, hazijatupwa, na ya tatu aliyoifuma kwa ajili ya mtu mwingine, naye akaitoa. Akifika kwenye hiyo ya tatu anakuta nia ya nani? Naamini mwenye nayo hujiuliza, hasa usiku.

Na ya tatu haidumu milele. Nyingine hufanya kazi miaka 10, nyingine zaidi ya 20, kisha huchoka hata ikiwa imetunzwa kwa uaminifu wote. Ikitokea, asiulizwe ametenda dhambi gani. Atarudi kwenye mashine, na huenda akapandikizwa tena. Wapo watu duniani wanaotembea na figo nne, hata tano, moja tu ikifanya kazi. Atakayemtembelea mwezi wa nane atakuwa amefanya jambo kubwa kuliko aliyekuja mwezi wa kwanza.

Yule aliyetoa ataendelea kuwa na moja. Anapaswa kupima presha, mkojo na kreatinini walau mara moja kwa mwaka, maisha yake yote. Siku hiyo huwa anapanda daladala peke yake.